Jinsi ya Kufunga Ghala la Wenye Njaa kwa Moyo Safi

Kijijini kwenu, iwe Karagwe au Kyerwa, pengine kuna kikundi kinachokusanya maharage, mahindi na mikungu ya ndizi kwa ajili ya wajane, wagonjwa na wazee wasio na wa kuwalimia. Kinaishi kwa vibakuli vya majirani na miguu ya watu wasiolipwa. Ukitaka kife bila mtu kukulaumu, fuata hatua hizi.

Kwanza, ahidi. Siku ya harambee pale Kayanga, simama, kohoa, taja magunia kumi. Vigelegele vitapigwa. Mama aliyeleta bakuli moja la maharage na kulimimina pale pale, msimwandike hata jina.

Pili, toa kile ambacho kuku wako wamekikataa. Maharage yaliyotobolewa na fukusi ni mepesi kubeba.

Tatu, chelewa. Mbegu zinatakiwa Septemba, mvua za vuli zinapoanza. Wewe zilete Januari, pamoja na mgeni rasmi. Maharage huchukua kama miezi mitatu tu. Mjane akipata kilo mbili za mbegu kwa wakati, Krismasi anakula cha kwake, nawe unakosa mtu wa kupiga naye picha.

Nne, gawa machipukizi ya migomba uliyoyang'oa shamba lolote, kwa panga lile lile, bila kulipitisha motoni. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba uliripotiwa Kagera mwaka 2006, na panga chafu ni mojawapo ya njia zake za kusafiria. Utakuwa umegawa njaa ya kesho kwa wenye njaa ya leo.

Tano, mchoshe anayejitolea. Mpe kazi ya watu wanne. Akiomba nauli ya bodaboda apeleke unga kwa kikongwe huko Murongo, mkumbushe kwamba thawabu iko mbinguni. Kisha hela ya nauli ichapishieni bango lenye sura ya mwenyekiti.

Sita, na hii ndiyo hatua kuu: msijifunze lolote kutoka kwa vyama vya kuzikana. Jirani akifa, daftari linajua nani kaleta mkungu, nani kuni, nani kachota maji, na nani hajaonekana. Hakuna mfadhili, hakuna bango, na msiba haulali njaa. Usithubutu kushauri kwamba daftari hilo lifunguliwe mtu angali hai. Watu wakizoea kupeana zamu kwa ajili ya walio hai, magunia yako kumi yatakosa kazi, hata kama yangekuwapo.

Ghala likishafungwa, tangaza kwamba watu wa siku hizi hawana moyo. Ukiulizwa ufunguo uko wapi, usihangaike kuutafuta: anao yule mama wa bakuli. Anafungua Jumamosi, wewe ukiwa umelala.