Barua ya Wazi kwa Waziri wa Mawasiliano: Simu Zipewe Redio Zinazostahili

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Mawasiliano,
Mji wa Serikali, Mtumba,
DODOMA.

YAH: OMBI LA UTARATIBU WA KUGAWA SIMU KWENYE REDIO ZA WI-FI PENYE MSONGAMANO

Mheshimiwa Waziri, husika na kichwa cha habari hapo juu. Natambua uzito wa majukumu uliyokabidhiwa, na nisingethubutu kukuchukulia hata dakika moja kama jambo hili lisingekuwa ndani ya uwezo wako na lenye manufaa kwa wananchi wengi.

Kwa heshima kubwa naomba nianze kwa shukrani. Agosti 2022 intaneti ya kasi ilifikishwa Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari katika Mlima Kilimanjaro. Taifa lililoweza hilo linaweza pia kumfikishia huduma mwananchi aliyeketi safu ya nyuma ya ukumbi hapa Dodoma. Huyo ndiye ninayemwombea.

Makao makuu yetu yamekuwa mji wa mikusanyiko. Tangu Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka 2007, kumbi za mihadhara zimejaa vijana wenye simu na kompyuta mpakato. Agosti 2024 treni ya SGR ilizinduliwa rasmi hapa, na mwezi huohuo Nanenane ikaadhimishwa kitaifa Nzuguni. Katika mikusanyiko ya namna hii mara nyingi simu huonesha Wi-Fi imejaa, lakini ujumbe hautoki. Mkulima aliyetoka Kongwa anataka kuwatumia wenzake wa kikundi picha ya mashine ya kupukuchulia mahindi kabla hawajaamua kuinunua. Picha inazunguka tu hadi anakata tamaa.

Hapo hupendekezwa kununua kasi kubwa zaidi. Kwa unyenyekevu, Mheshimiwa, naomba kusema kwamba kasi inayoingia jengoni inaweza kuwa tele na bado watu wakakosa huduma, kwa sababu kikwazo kiko hewani, kati ya simu na redio iliyofungwa darini.

Wi-Fi huendeshwa kama kikao cha Bunge: kwenye chaneli moja anazungumza mmoja, wengine wananyamaza. Ila hewani hakuna Spika. Kila kifaa husikiliza kwanza, kikikuta kimya ndipo kinasema. Viwili vikisema kwa pamoja, hulazimika kurudia. Kifaa kilicho mbali na redio hutuma polepole, hivyo hushika zamu kwa muda mrefu na kuwachelewesha hata walio karibu.

Tena simu yenyewe ndiyo huchagua redio ya kujiunga nayo. Mamia ya watu wakiingia kwa mlango mmoja, simu nyingi hushikamana na redio ya mlangoni, na hung'ang'ania hapo hata wenyewe wakienda kuketi mbele, chini ya redio nyingine isiyo na kazi. Simu huangalia zaidi nguvu ya mawimbi kuliko wingi wa waliokwisha kujazana kwenye redio hiyo.

Dawa inajulikana, Mheshimiwa. Kiwango cha Wi-Fi cha 802.11k cha mwaka 2008 na cha 802.11v cha mwaka 2011 huwezesha mitambo kuipa simu orodha ya redio jirani na kuishauri ihamie kwenye iliyo nafuu. Kwa kuwa simu inaweza kukataa ushauri, fundi hupunguza pia nguvu ya kila redio na kuzima kasi za chini kabisa, ili simu iliyosogea mbali iachie yenyewe. Simu zinazoweza huelekezwa kwenye masafa ya gigahezi 5, kwani yale ya 2.4 yana chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Redio ya nne ikifungwa ukumbini kwenye masafa hayo, itagawana zamu na mojawapo ya zile tatu.

Kwa ridhaa yako, naleta maombi matatu.

Kwanza, mkataba wa Wi-Fi wa jengo lolote la umma utaje idadi ya watu watakaoitumia kwa wakati mmoja, na ueleze simu zao zitagawanywaje. Majengo kama ya Uwanja wa Ndege wa Msalato yanastahili mpango huo tangu kwenye michoro, maana kupitisha nyaya baada ya dari kufungwa ni gharama kubwa.

Pili, kazi ikaguliwe ukumbi ukiwa umejaa. Miili ya watu hufyonza mawimbi, hivyo kipimo kilichochukuliwa kwenye viti vitupu hakimwambii mlipaji alichonunua.

Tatu, wanafunzi wa vyuo vyetu wafundishwe kazi hii kwa vitendo, siku za shughuli zenyewe. Mgawanyo uliokaa vizuri asubuhi huharibika mchana watu wakihama mabanda. Lazima awepo mtu wa kuangalia na kurekebisha.

Mheshimiwa, maombi haya hayahitaji mnara mpya. Yanahitaji vifungu vichache kwenye nyaraka za zabuni, na agizo lako linatosha kuviingiza. Ukiona inafaa, niite wakati wowote nisaidie kuviandika, bila malipo.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu katika ujenzi wa Taifa,

Fundi wa mitandao,
Nkuhungu, Dodoma.