Sinema Haikuniambia Kuhusu Choo

Elimu yangu ya urubani niliipata kibanda umiza, Igoma, Mwanza, kwa shilingi 200 na benchi lenye msumari. Somo la kwanza: risasi ikitoboa ndege, mtu hufyonzwa nje mzimamzima. Kwenye Goldfinger, ile filamu ya James Bond ya mwaka 1964, bwana mnene kabisa anapita dirishani kama uzi kwenye tundu la sindano. Tuliamini.

Kwa hiyo nilipopanda ndege mara ya kwanza, Mwanza kwenda Dar es Salaam, nilikaza mkanda hadi kukohoa kukawa kazi. Chai niliikataa ili mikono ibaki huru. Kwenye sinema lazima mhudumu aje kuuliza kama kuna abiria anayejua kurusha ndege, nami nilikuwa nimeshaona filamu zisizopungua arobaini. Mhudumu akaja kweli. Akauliza kama nitakula korosho.

Kisha nikabanwa na haja ndogo.

Choo cha ndege hakina habari ya ndoo. Huko juu hewa ya nje ni nyepesi kuliko ya ndani, na tofauti hiyo ndiyo inayovuta uchafu mpaka kwenye tangi. Hayo nimeyasoma baadaye. Siku ile nilibonyeza kitufe tu, kikalia kishindo, fwaaap! Nikajua yaliyompata yule bwana wa Goldfinger yamenifika, tena kupitia tundu la aibu zaidi. Nilichomoka mbio: "Imetoboka! Shikeni viti!"

Ndege nzima iligeuka. Bibi mmoja aliyekaa kando ya njia akanitazama juu hadi chini, akasema taratibu, "Mjukuu wangu, funga zipu kwanza."

Tangu hapo nina kesi na Hollywood. Tundu la risasi halimfyonzi mtu. Hewa inapiga mluzi, na mitambo inaendelea kujaza nyingine. Kioo kizima kikitoka, hapo sibishi. Mwaka 1990 kioo cha mbele cha ndege moja ya Uingereza kiling'oka angani, rubani akavutwa nusu mwili nje. Wahudumu walimng'ang'ania miguu mpaka msaidizi wake akaitua ndege Southampton. Alipona, na hakuna aliyefyonzwa nyuma yake.

Lakini kinachoniuma hasa ni Die Hard 2, ya mwaka huohuo, ambayo niliitazama mara sita kwa hela ya daftari. Bruce Willis anatupa kiberiti cha gesi kwenye mafuta yaliyomwagika juu ya theluji. Moto unatimua mbio, unaifukuzia ndege inayopaa, unaikamata, inalipuka. Sasa, mafuta ya jeti ni ndugu wa damu wa mafuta ya taa. Na mafuta ya taa mimi nayajua! Mama alipikia jiko la mchina utoto wangu wote. Njiti tatu kabla utambi haujakubali, tena ndani ya nyumba, bila upepo, bila theluji, na matusi juu. Kwa mwendo ule wa Bruce Willis tungekuwa tunashiba saa kumi na moja jioni. Sisi tulikula saa nne usiku.

Watu wa sinema, waacheni hao wanaofyonzwa dirishani, siwadai. Ombi langu ni moja: filamu ijayo, kabla ya risasi ya kwanza, mwonesheni abiria mmoja akiflashi choo.