Fatwa za Gari Kongwe

Bin adamu mwenye haya, ambaye hathubutu kufungua kinywa juu ya ndoa ya jirani yake wala deni la shemeji yake, aghalabu hatasita hata kidogo kutoa fatwa juu ya injini ya mtu asiyemjua. Peugeot 404 yangu ilipoanza kutetemeka katika foleni ya feri ya Likoni, hata kioo cha nyuma kikawa kinanionyesha kila lori mara mbili, na shangazi yangu akaanza kuomba dua ya safari ya bahari ilhali tungali nchi kavu, muuza madafu aliinama, akasikiliza, akahukumu kwa yakini kwamba nimetiliwa dizeli mbovu. Gari lenyewe ni la petroli.

Binamu yangu alisema ni propela shafti. Fundi wa kwanza, bila kufungua boneti, alisema ni beringi za krenki, na injini yote haina budi kushushwa kwa gharama ambayo, kwa kumstahi msomaji, siitaji.

Hatimaye nikamwendea mzee mmoja wa Majengo, ambaye neno lake la kwanza lilikuwa swali: "Mwanangu, latetemeka likisimama, au likienda?" Nikamjibu, "Likisimama, Ami. Likishika mwendo hutulia, ila kuna mlio wa tiki-tiki usiokoma." Akaniamuru nitoe gia na kukanyaga mafuta papo hapo, mlio ukaongeza kasi pamoja na injini, hali magurudumu yametua, na propela ya binamu yangu ikatoka hatiani. Kisha, kwa koleo yenye mpira, akachomoa waya za plagi moja baada ya moja, na kila alipochomoa injini ikayumba, dalili kwamba silinda zote nne ni hai, kwani iliyokufa haiachi pengo. Mwisho akatwaa bisibisi ndefu, ncha juu ya kifuniko cha vali, mpini sikioni, na mkono wa pili akizishika ndevu zake zisije zikachukuliwa na feni.

"Beringi za krenki hugonga kwa sauti nzito, tena huzidi gari lipandapo mlima," akasema. "Huu ni mlio mwepesi, wenda nusu ya kasi ya krenki, maana kemshafti huzunguka mara moja krenki izungukapo mara mbili. Ni tapeti zimelegea. Na mtetemo ni huu hapa." Akaniangazia tochi: raba ya kushikilia injini ilikuwa imepasuka, chuma chakaa juu ya chuma.

Basi, ewe mwenye gari kongwe, fundi akitaka kushusha injini yako kabla hajakuuliza latetemeka wakati gani, funga boneti uende zako.