Jinsi ya Kuitisha Maoni na Usipate Hata Moja

Umekabidhiwa kukusanya maoni ya wananchi kuhusu kiwango cha sumukuvu kwenye mahindi, na hutaki maoni hayo yakucheleweshe. Fuata hatua hizi nne, hazijawahi kushindwa.

1. Itisha mkutano msimu wa mavuno, saa nne asubuhi, katika hoteli ya mjini. Mkulima atakuwa shambani anakimbizana na mvua, na mwenye kinu atakuwa anasaga.

2. Gawa rasimu ya Kiingereza. Taja kwamba sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni, kisha songa mbele. Usieleze kwamba sumu hiyo haionekani kwa macho, wala kwamba kupika ugali hakuiondoi.

3. Usimwalike mama anayeanika mahindi. Huyu hutia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, akatikisa, akatazama: chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado mabichi. Akifika atakuuliza turubai la kuanikia litatoka wapi, na rasimu yako haina jibu.

4. Waite watu uamuzi ukishapita. Wanywe chai, watie sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, wapigwe picha. Kisha usirudi kuwaambia lipi limekubaliwa, lipi limeachwa na kwa nini.

Kabla hujaanza, kumbuka mwaka 2004. Mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumukuvu na 125 wakafa. Mahindi mengi yaliyowadhuru yalilimwa na familia zenyewe na kuwekwa ndani yakiwa na unyevu. Hayakupita mikononi mwa mkaguzi wala maabara. Aliyeyaanika, akayachambua na kuyapika ndiye pekee aliyeweza kuzuia madhara hayo, na kiwango kilichoandikwa bila kumsikiliza hakimfikii.

Kwa hiyo zigeuze hatua zote nne. Nenda sokoni siku ya soko, rasimu ikiwa bado inabadilika. Zungumza lugha ya wenyeji, kama Kikamba, au Kiswahili. Beba kipima unyevu, umwombe mama naye alete chupa yake, mpime gunia moja pamoja. Andika maswali yote, hata yale yanayohusu turubai na bei. Halafu rudi soko lilelile na majibu, hata jibu likiwa "hili hatukuweza". Mtu aliyejibiwa atakuja tena, na safari hiyo atakuja na jirani yake.