Mkanda wa Bwana Mkubwa

Msimu wa korosho ukifika Kitomanga, wapo mabwana wanaoshuka garini mkono kiunoni. Si kwamba tumbo linawauma. Ni bastola. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inadai leseni ya silaha. Kuhusu mkanda, kwa bahati mbaya, haidai chochote. Basi chuma kinachokaribia kilo moja pamoja na risasi kinaning'inizwa kwenye mkanda wa plastiki, na suruali inatangulia Lindi bila mwenyewe. (Malipo ya korosho hupitia benki, sijui wanalinda nini.) Nunua ngozi nene, mjomba, iliyoshonwa tabaka mbili. Maana kila funda la chai unaipandisha suruali, na muuza vitumbua keshakuuliza kama bastola ina risasi.