Jinsi ya Kuvunja Harakati za Wanawake kwa Miaka 21

Anzeni na chama kizuri, maana kibovu hakivunjiki kwa kishindo. Wamarekani walikuwa nacho: Chama cha Haki Sawa, kilichoundwa Mei 1866, mwaka mmoja tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Humo walikuwamo Elizabeth Cady Stanton, Susan B. Anthony, Lucy Stone, Frederick Douglass aliyewahi kuwa mtumwa, na mshairi Frances Harper. Walidai kura kwa kila raia, mweusi na mweupe, mwanamke na mwanamume.

Kisha apatikane wa kugawa zamu. Wendell Phillips, mpinga utumwa, alikwishatangaza mwaka 1865 kwamba saa ile ilikuwa ya watu weusi, wanawake wasubiri. Angalieni asijitokeze mtu wa kuuliza mwanamke mweusi yumo katika saa ya nani.

Pesa nazo chukueni popote. Kwenye kampeni ya Kansas ya 1867, Stanton na Anthony walishirikiana na George Francis Train, tajiri aliyewatukana watu weusi jukwaani, na baadaye akagharamia gazeti lao. Wapigakura wa Kansas, wote wanaume, waliikataa kura ya wanawake na ya weusi kwa pamoja.

Sasa itisheni mkutano. Wao walikutana New York, Mei 1869, kujadili Marekebisho ya 15 ya Katiba, yaliyokataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi bila kutaja jinsia. Stanton aliyapinga, na kwa hasira akaandika maneno ya dharau juu ya wanaume weusi na wahamiaji. Hasira yake naielewa. Dharau ile siisamehe. Douglass alikumbusha kwamba watu weusi walikuwa wakitolewa majumbani na kunyongwa kwenye nguzo za taa. Akaulizwa: je, wanawake weusi hayawapati? Akajibu kwamba yanawapata, ila kwa weusi wao, si kwa uanamke wao. Harper, aliyekuwa mweusi na mwanamke, aliyaunga mkono marekebisho. Yeye ndiye aliyepaswa kusikilizwa kuliko wote.

Mkishagombana, undeni vyama viwili. Cha Stanton na Anthony kilidai kura, na kikagusa pia talaka na ujira. Cha Stone, kilichozaliwa Cleveland Novemba mwaka huohuo, kilishikilia kura peke yake, jimbo kwa jimbo. Viliungana mwaka 1890.

Hata mkiungana, endeleeni kupunguza watu. Stanton alipokosoa Biblia katika kitabu chake cha 1895, mkutano wa chama wa mwaka uliofuata ulikikana kwa kura 53 dhidi ya 41, ingawa Anthony alisimama kumtetea. Mwaka 1913, kwenye maandamano ya kudai kura huko Washington, mwandishi mweusi Ida B. Wells aliambiwa atembee nyuma na weusi wenzake. Alikataa, akaingia katikati ya msafara wa Illinois.

Marekebisho ya 19, yaliyokataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya jinsia, yaliidhinishwa 1920. Stone, Stanton, Anthony na Harper walikuwa wamekwisha kufa. Wanawake weusi wengi wa majimbo ya Kusini waliendelea kuzuiwa kwa kodi ya kura, mitihani ya kusoma na vitisho, mpaka ilipotungwa Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya mwaka 1965.