Sifa za Kiatu cha Barafu Kinachoumiza

Washairi wamesifu jahazi, wamesifu mnazi, wamesifu hata tambuu. Lakini kiatu cha hoki ya barafuni, kile kinachobana, kinachokwaruza na kumtoa mtu machozi kabla mchezo haujaanza, hakijapata wa kukisimamia. Leo nakisimamia mimi. Kusimama kwenyewe ni kwa maneno tu, maana aliyekivaa hutafuta benchi kwanza.

Sifa za mheshimiwa huanzia kwenye nasaba, na huyu ana nasaba ndefu. Babu zake walikuwa mifupa ya wanyama, ambayo watu wa Ulaya ya kaskazini waliifunga miguuni zaidi ya miaka 3,000 iliyopita ili wavuke maziwa yaliyoganda. Katika miaka ya 1860 kiwanda cha Starr, mjini Dartmouth huko Nova Scotia, Kanada, kikaanza kuuza chuma cha kubana chini ya buti lolote. Ulikuwa wakati wa unyonge mkubwa: mtu akiumia, alibandua chuma chake na kurudi nyumbani kwa buti lililokwisha kumzoea. Fedheha hiyo ilikoma mwaka 1933, pale kampuni ya Bauer ya Kitchener, Ontario, ilipotoa buti na chuma vikiwa kitu kimoja. Tangu hapo mguu hauna pa kukimbilia.

Kila ukoo haukosi mwasi. Wa ukoo huu ni George Tackaberry, fundi viatu wa mji wa Brandon, Manitoba. Mchezaji mmoja wa mjini humo, Joe Hall, alimlalamikia kwamba buti anazochezea hazidumu. Tackaberry, badala ya kumwambia mvumilivu hula mbivu, akamshonea jozi ya ngozi ya kangaruu iliyokishika kisigino na kuubeba uvungu wa wayo. Wachezaji wengine nao wakazitaka, na mwaka 1937 CCM, kampuni iliyoanza na baiskeli, ikalichukua jina lake. Namtaja ili isisemwe kwamba nimeficha aibu za familia.

Kanisa Katoliki nalo halikutuacha yatima. Mtakatifu mlinzi wa watelezaji ni Lidwina wa Schiedam, Uholanzi, msichana aliyeanguka kwenye barafu mwishoni mwa karne ya 14, akavunjika ubavu na kuugua maisha yake yote. Wengine wamepewa watakatifu wanaotuliza dhoruba. Sisi tumepewa aliyeanguka.

Sasa fadhila zake. Ya kwanza ni elimu. Mtu anaweza kuishi na miguu yake hadi uzeeni bila kujuana nayo, asijue hata kwamba mmoja ni mrefu kuliko mwenzake. Kiatu hiki huwakutanisha kwa muda wa robo saa. Kuna kano linalopita mbele ya kifundo cha mguu, kazi yake kuinua wayo. Mvaa kandambili hana habari nalo kabisa. Vaa buti lenye ulimi mwembamba, kaza kamba kwa nguvu zako zote, na kufikia mapumziko ya kwanza utaweza kulichora kano hilo ukiwa umefumba macho. Nyuma ya kisigino kuna mfupa ambao, ukisuguliwa msimu baada ya msimu, huota nundu. Daktari Mswidi, Patrick Haglund, aliieleza nundu hiyo kitaalamu katika miaka ya 1920, lakini wachezaji wa Amerika Kaskazini wanaiita kwa jina la kampuni ya viatu. Vidole navyo huwaka moto, kisha hufa ganzi, na baada ya ule moto ganzi ni rehema. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti: aliye jukwaani anaona tu mtu anayeteleza vibaya.

Lakini hekima yake hasa iko katika kumshughulikia mwenye kiburi cha namba. Bwana huyu anaingia dukani akijua namba yake, kwa sababu ndiyo anayovaa kazini. Anaambiwa kwamba viatu vya hoki huvaliwa pungufu, kwa kawaida namba moja hadi moja na nusu chini ya ile ya viatu vya mtaani. Anacheka. Anakivaa kilicho sawa na namba yake, kinaingia kwa ulaini kama mtumbwi unaoteremshwa majini, anatembea hatua mbili juu ya zulia la duka, analipa. Barafuni kiatu kinaanza darasa. Kila anaposukuma, kisigino kinapanda na kushuka, na ngozi inayopanda na kushuka huota malengelenge. Huyu bwana anadhani ameumia kwa kubanwa, kumbe ameumia kwa kupwaya. Dawa anayoijua ni kukaza kamba. Kamba ikikazwa, damu inashindwa kupita, wayo unalala. Akiilegeza, kifundo kinainama upande wa ndani na chuma kinakwenda kisipotumwa. Anakaza tena. Sijui mwalimu mwingine anayeweza kumfundisha mtu somo lilelile jioni nzima bila kupaza sauti.

Wazazi ndio mawakala wake wakubwa. Sisi tuliovalishwa viatu vya shule vyenye nafasi ya mwaka ujao, na karatasi iliyofinyangwa kwenye ncha, tunaijua kauli hiyo: atakua nacho. Mzazi wa Winnipeg, Kanada, anaisema vilevile, maana viatu hivi ni ghali na watoto hawaachi kukua. Tofauti ni kwamba mtoto wetu alichelewa tu kufika shuleni. Huyu wa Winnipeg anajifunza kuteleza kwa vifundo, chuma kikiwa pembeni kama abiria.

Siwezi kuwapita maadui zake, na wa kwanza ni muuzaji anayeijua kazi yake. Huyu ni mtu wa hatari. Hakuulizi namba, anaupima kila wayo wako, urefu na upana, kwa sababu kampuni zinatengeneza buti nyembamba, za wastani na pana, na mwenye mguu mpana aliyekimbilia namba kubwa amepata urefu asioutaka. Anakuvalisha soksi moja nyembamba, anakuamuru upige kisigino chini hadi kikae nyuma kabisa, anakufunga kamba, kisha anakusimamisha. Ukiwa umenyooka, vidole viguse kidogo tu ncha ya ndani. Ukikunja magoti kama mchezaji, virudi nyuma kwa unywele. Halafu, kabla ya kufunga kamba za mguu wa pili, anatoa penseli, anailaza juu ya matundu ya kamba karibu na kifundo, na kutazama: ikigusa wayo wako kabla ya kutulia kwenye kingo za buti, buti halina kina cha kutosha, na kano lako litapata ile elimu niliyoisifu. Penseli ya shilingi chache, na chuo kizima kinafungwa.

Adui wa pili ni oveni. Buti za kisasa zinalainika kwa joto, basi duka linazitia katika oveni maalumu, kwenye nyuzi 80 hivi za Selsiasi, kwa dakika chache. Unazivaa zikiwa moto, unafunga kamba bila fujo ili matundu yasing'oke, unakaa kitako kama bibi harusi, magoti yamekunjwa, hadi zipoe. Wanakukataza kuzitumia hadi kesho yake. Samaki mkunje angali mbichi, na hawa wamekunja samaki asiye wao: ugumu wote ambao ungekuchukua wiki za mateso wanaumaliza kwa muda wa kunywa chai. Palipobaki nundu au mfupa uliotokeza, wana chombo kinacholipasha joto buti mahali palepale na kulisukuma nje. Wanabandika vipande vya jeli mbele ya kifundo, wanauza ulimi mnene zaidi, wanaruka tundu moja la kamba pale panapouma, wanaweka soli ya ndani inayobeba uvungu. Wengine hukufundisha hata kufunga: vidoleni kwa ulegevu, katikati kwa kukaza ili kisigino kisicheze, juu kwa kiasi ili goti liende mbele. Baada ya hapo mtu ana udhuru gani wa kucheza vibaya?

Watanijibu kwa majina makubwa. Watasema Bobby Orr wa Boston Bruins alicheza bila soksi kabisa, na Paul Coffey, beki aliyekuwa na kasi kuliko wengi, alivaa viatu vidogo mno kwa miguu yake. Nakubali, na ningependa kuwahesabu miongoni mwa mashahidi wa dini yetu. Ila wale walitaka pasiwe na kitu kati ya mguu na chuma. Kiatu kilikuwa chombo chao. Anayemwiga Coffey bila mbio za Coffey anabakiwa na vidole tu.

Kiatu ninachokiheshimu kuliko vyote ni cha kukodi. Nairobi ilipopata uwanja wa barafu katika hoteli ya Panari mwaka 2005, wengi walianza na hicho, na katika uwanja huohuo ndimo ilimokulia timu ya Kenya Ice Lions, ambayo mwaka 2018 ilialikwa Kanada na kucheza bega kwa bega na nyota wa hoki Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Kiatu cha kukodi kimeingiliwa na kila aina ya mguu na hakijajifunza hata mmoja. Hakina upendeleo. Anayejifunza kusimama ndani yake, mengine yote atayaona ni starehe.

Ubaya wa kiatu kilichorekebishwa vizuri ni kwamba siku moja kinasahaulika. Unacheza saa nzima usikumbuke kama una miguu. Lakini hata hicho hakikosi kurudi katika imani. Povu la ndani linachakaa, kifundo kinalegea, kisigino kinaanza tena kupanda na kushuka. Unarudi dukani. Muuzaji, kijana mpya, anakuuliza namba yako, nawe bila haya unamtajia ile ya viatu vya kazini.